Lala, Dunia Itasubiri

Mtu alilala. Mambo yalianzia hapo, wala msinitafutie mwanzo mwingine wenye marashi na mbalamwezi.

Ilikuwa mchana, uwanja wa maonyesho ya biashara umefurika, na spika zinashindana kupiga kelele. Huku majiko ya gesi, kule simu, na pale mbele kuna bwana anakata karoti kwa mashine huku akiapa kwamba mashine hiyo watairithi wajukuu zako. Katikati ya zogo hilo palikuwa na banda la magodoro, na ndani ya banda alikuwamo dada mmoja aliyevaa fulana nyeupe ya kampuni, sketi ya bluu iliyomkaa vizuri jamani, na viatu visivyo na visigino, maana anayesimama kutwa hachezi na miguu yake. Beji kifuani ilisema: Msaidizi wa Mauzo na Masoko.

Kwa wasioijua kazi hiyo, mauzo yakipanda husifiwa meneja, yakishuka huulizwa msaidizi. Yeye ndiye anayejaza maputo, anayegawa vipeperushi, anayepiga picha za banda na kuzituma ofisini kila jioni. Tena yeye ndiye anayesema, na kwa kusema, Msaidizi wetu alikuwa amejaliwa. Sauti yake haikuwa ya kupaza. Ilikuwa sauti ya mtu anayekufunika shuka.

Alikuwa bado kwenye majaribio. Akifanya vizuri angepandishwa kuwa ofisa masoko, na ofisa masoko hupewa ile meza ya dirishani, ile inayotazama miti ya barabarani. Msaidizi aliitamani meza hiyo mpaka akaiota. Katika ndoto hakuwa anafanya chochote, amekaa tu, anatazama majani.

Basi nje ya banda iliegeshwa ambulensi ya hospitali, maana penye watu wengi hapakosi wa kuzimia. Msaidizi alimwona dereva wake, kijana mrefu mwenye shati la sare la kijani na nembo begani, akimkabidhi mwenzake funguo. Zamu imekwisha. Mwenzake akapanda kwenye usukani, naye akabaki amesimama katikati ya watu, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu vya harusi nzima.

"Kaka, karibu," Msaidizi akamwita. "Jaribu godoro. Kujaribu ni bure."

"Dada yangu, mimi sinunui kitu."

"Kwani nani kataja kununua? Wewe kaa tu. Godoro haling'ati."

Dereva akacheka kidogo. Akavua viatu, akavipanga pembeni kwa adabu kama mtu anayeingia kwa wakwe, akajinyoosha. Msaidizi akaanza wimbo wake wa kila siku.

"Hili lina matabaka matatu, kaka. La chini ni gumu, ndilo linalobeba mgongo. La kati linapokea uzito wako polepole, halina haraka. La juu ni laini, hilo linakupokea kama ulivyo, hata kama umechoka, hata kama umegombana na watu..."

Hapo kwenye kugombana na watu akasikia pumzi imebadilika. Mtu kalala. Mkono mmoja kifuani, mdomo wazi kidogo, uso umetulia kama maji ya mtungini.

Sasa, kampuni ilikuwa na kanuni moja ambayo meneja wa masoko, mama mmoja mkali wa miwani wanayemwita Madam, aliikazia kuliko zote: mteja akilala, usimwamshe, huyo anakufanyia kazi. Na kweli! Watu wakajaa. Bibi mmoja akainama, akamchungulia, akauliza, "Huyu mmempa dawa?" Watu wakacheka kwa kunong'ona, wasimwamshe. Walionunua wakanunua. Jioni Msaidizi akapiga picha kama kawaida, akazituma ofisini kama kawaida, na ile ya aliyelala ikiwemo.

Dereva aliamka mabanda yakifungwa. Akakaa ghafla. "Nimelala?"

"Umelala mpaka umetuuzia magodoro."

"Dada, mimi huwa silali." Alisema kama mtu anayetoa siri ya ugonjwa. "Nikitoka zamu ya usiku najilaza, lakini masikio yanabaki kazini. Birika likichemka nasikia king'ora. Mtoto wa jirani akilia, king'ora. Leo sijui kumetokea nini."

"Ni godoro."

"Godoro ninalo nyumbani, tena zuri." Akamtazama, kisha akatazama viatu vyake. "Ni ile sauti."

Msaidizi alikuwa na jibu moja kwa kila mteja. Akampa kipeperushi.

*

Asubuhi simu ya duka la kampuni ikalia. Msaidizi alikuwa peke yake kati ya vitanda vilivyotandikwa, jua likipenya kwenye pazia na vumbi likielea humo kama halina pa kwenda.

"Haloo, magodoro hapa, nikusaidie nini?"

"Nieleze yale matabaka."

Alimtambua papo hapo, na moyo ukampiga teke. "Kaka wa ambulensi! Umeoga? Umekula?"

"Nimeoga, nimekula, nimelala chali kama maiti, na macho yameganda darini. Tafadhali, dada."

Msaidizi akatazama mlangoni, hakuna mteja. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha mfano, akaanza. La chini ni gumu. La kati halina haraka. Alipofika la juu alisikia ile pumzi, ikija na kurudi, na hakukata simu. Alikaa akiisikiliza mpaka mteja wa kwanza akaingia na kumkuta anatabasamu na mto.

Wakawa hivyo. Kila asubuhi baada ya zamu Dereva alipiga, na maelezo yakaanza kuota mambo yasiyokuwa kwenye kipeperushi. Tabaka la kati likawa na mto unaopita taratibu. La juu likawa na nyumba yenye veranda, na mtu anayepika humo huku anaimba vibaya.

"Nani huyo anayeimba vibaya?" Dereva aliuliza siku moja, usingizi umeshamshika nusu.

"Mimi, mpenzi."

Msaidizi akajua limemponyoka.

"Sema tena."

"Lala, wewe!"

"Silali mpaka useme tena, laazizi."

Akasema tena. Akasema mara nyingi, jamani, mpaka mtu anayesubiri kuuliza kuhusu godoro la kitanda cha watoto akakohoa.

Siku za mapumziko walikutana kwenye bustani ya hospitali, kwenye benchi lililo karibu na mabomba ya kuoshea magari. Msaidizi hupendeza kwa gauni la maua madogo madogo. Dereva huja na shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Huko ndiko Msaidizi alikomfundisha Dereva siri ya kazi yake.

"Ukishamwambia mteja unachotaka, nyamaza. Usiongeze neno. Atakayesema kwanza ndiye aliyenunua."

"Acha uongo."

"Haki ya nani! Watu hawawezi kuvumilia kimya."

Dereva akafikiri. Akanyooshea kidole keki iliyokuwa mkononi mwa Msaidizi. "Nataka hicho kipande chako cha keki." Akanyamaza. Akamkazia macho, hapepesi, hatabasamu. Msaidizi akajikaza, akatazama juu, akatazama chini, kicheko kikampasuka.

"Haya chukua, mwizi mkubwa wewe!"

"Umenunua," alisema Dereva, akala keki yote.

*

Penzi likinoga, mtu hudhani mwenzake ni mfuko wa gauni lake, anaingiza mkono anapotaka. Hilo ndilo kosa la Msaidizi, na mimi simtetei.

Madam alimwita ofisini. Ile picha ilikuwa kwenye kompyuta, imejaza kioo kizima: uso uliotulia, mkono kifuani, nembo begani.

"Picha hii nimeitazama wiki nzima," Madam alisema. "Usingizi huu hauigizwi. Tunataka kuitumia. Huyu mtu amekubali?"

Msaidizi aliutazama ule uso na kitu kikamyeyuka ndani. Akajisikia fahari, akajisikia mwenye mali. "Hana neno, Madam. Ni mtu wangu huyu."

"Una hakika?"

"Hana neno kabisa."

Yeye alidhani itatoka kwenye kipeperushi. Alipanga amwambie mwisho wa wiki, wacheke pamoja, amshangaze. Mwisho wa wiki ulipofika, Dereva alikuwa ametoka kumpoteza mgonjwa njiani, hataki kusema, anataka tu kushikwa mkono. Nani angetaja vipeperushi hapo? Akanyamaza, akaona kesho pia ni siku.

Kumbe Madam hakuwa anafikiria kipeperushi. Kwenye makutano makubwa ya barabara, yale ambayo kila gari linalokwenda hospitali lazima liyapite, likasimamishwa bango refu kuliko nyumba ya ghorofa. Dereva kalala juu yake, sare na nembo na vyote, na maneno meupe chini yake: LALA, DUNIA ITASUBIRI.

Fikiria mwenyewe. Mtu anaendesha ambulensi, king'ora kinalia, nyuma kuna mama wa watu anapigania pumzi. Anafika kwenye makutano na anajiona angani amelala. Na ndugu wa mgonjwa, aliyekaa nyuma, naye anaona. "We! Si wewe yule pale? Jamani, mama yangu anaendeshwa na mlalaji!"

Simu ililia mchana huo, saa ambayo hakuwahi kupiga.

"Kipenzi!" Msaidizi akaitikia. "Mbona hujalala?"

"Nimeliona bango."

"Bango gani?"

"Usinifanye mtoto." Sauti yake haikupanda, na heri ingepanda. "Mkuu wa usafiri kaniita. Watu wanapiga simu hospitali, wanauliza kama madereva wetu wanalala kazini. Nimenyang'anywa usukani. Nimepelekwa kuosha magari. Ulipiga picha nikiwa nimelala?"

"Nilipiga. Lakini ilikuwa siku ya kwanza, sikukujua, nilidhani..."

"Na ulipokwishanijua? Walikuuliza?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Waliniuliza. Nikasema huna neno."

Kimya kikawa kirefu, na safari hii hakuna aliyekuwa anacheza.

"Mimi kwako nililala," Dereva alisema. "Silali mbele ya mtu, nikalala mbele yako. Kumbe mwenzangu uko kazini. Kazi yako ni kuuza, sikulaumu. Umeniuza na mimi."

Simu ikakatika. Alipopiga haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Asubuhi iliyofuata simu ya duka haikulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akajikuta anasema peke yake, la chini ni gumu, la kati halina haraka, machozi yanadondokea shuka la maonyesho.

Alikuwa anaishi na shangazi yake, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. Shangazi alimsikiliza huku anatoboa tundu za vifungo, hakuinua hata kichwa.

"Umemaliza kulia?"

"Bado."

"Basi lia huku unanisikiliza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa ulimi. Sasa unampigia simu, unamwandikia, unamtumia vikatuni vya moyo uliovunjika. Ulimi huohuo! Mwanangu, kilichoharibiwa na ulimi hakitengenezwi na ulimi."

"Nifanye nini, Shangazi?"

"Kwani lile bango limejisimamisha lenyewe?"

*

Sasa tazama shani ya dunia. Siku aliyovaa gauni lake la heshima, lile jeusi lenye ukosi mweupe, akaenda kwa Madam, ndiyo siku ambayo Madam naye alikuwa anamtafuta. Kwenye meza kulikuwa na barua ya kumpandisha cheo. Nyuma ya Madam, mlango uko wazi, na kule mwisho ile meza ya dirishani imefutwa vumbi. Majani ya miti yanacheza nje, kama katika ndoto.

"Mauzo hayajawahi kupanda hivi," Madam alisema. "Watu wanasimamisha magari kulipiga picha bango letu. Hongera, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Akasimama kwa ile miguu inayosimama kutwa.

"Madam, yule mtu hakukubali. Hakuulizwa. Niliposema hana neno nilimsemea. Alikuwa amemaliza zamu, na sasa wanamwona mzembe, amenyang'anywa gari. Naomba bango lishuke."

Madam akavua miwani. "Unajua unachokiomba? Nikilishusha nitaulizwa kwa nini, nami sitajibu uongo. Hapo barua hii sitaweza kuitia sahihi. Utarudi dukani, uanze majaribio upya, kama utabaki."

Jibu alikuwa nalo mdomoni, tena refu, lenye matabaka. Akakumbuka ulimi. "Naomba bango lishuke, Madam," akarudia. Akanyamaza.

Wakatazamana. Saa ya ukutani ikasikika. Nje tawi likakwaruza kioo cha dirisha, lile dirisha, na Msaidizi hakugeuka kulitazama. Madam ndiye aliyemfundisha kile kimya, na Madam alikitambua. Akapumua kwa nguvu.

"Ondoka mbele yangu kabla sijakupenda zaidi. Litashuka."

Kutoka hapo alikwenda kwa miguu mpaka hospitali, kwa mkuu wa usafiri, mzee mnene mwenye sharubu na redio ya mawasiliano inayokoroma mezani. Akamweleza, neno lisizidi. "Mimi ndiye niliyemlaza. Nilimwona akikabidhi funguo, nikamwona mwenzake akipanda kwenye usukani. Picha niliipiga mimi na ruhusa niliitoa mimi, bila kumuuliza."

Mzee akamwita huyo mwenzake Dereva, naye akathibitisha. Kisha akazungusha sharubu. "Na kazini kwako umesema haya?"

"Nimeanzia huko."

"Wakakuacha?"

"Wamenirudisha nilikotoka."

Mzee akatingisha kichwa. "Yuko nyuma anaosha magari. Nikuitie?"

Moyo ulisema ndiyo kwa sauti ya king'ora. "Hapana, baba. Usimwambie hata kwamba nilikuja. Mrudishie tu gari lake."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akalipita lile benchi bila kukaa. Ila wazee wenye sharubu hawajui kutunza siri, hilo nalo mlijue.

*

Mafundi walilishusha bango alasiri moja yenye jua la kulegea. Msaidizi alisimama chini, upande wa pili wa barabara, bado na fulana ya kampuni. Walilibandua kwa vipande. Likaenda paji la uso. Likaenda jicho lililofumbwa, shavu, ule mdomo ulio wazi kidogo. Kila kipande kilishuka kwa kuyumbayumba hewani, kikitua kwa upole kama nguo inayovuliwa na mtu mwenye usingizi. Aliagana navyo kimoja kimoja.

"Kumbe nina pua kubwa hivyo?"

Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka hatakuta mtu. "Kubwa. Ilichukua mafundi wawili kuibeba."

Dereva akaja kusimama kando yake, shati la kijani, funguo za gari zinaning'inia kiunoni. Alikuwa amekonda. Macho mekundu kuliko siku ile ya kwanza.

"Mzee kaniambia."

"Nilimwomba asiseme."

"Alijikaza mpaka wakati wa chai." Akatazama juu, ambapo sasa palibaki maneno tu, LALA, DUNIA. "Na ile meza yako? Ya dirishani?"

"Ipo. Haijaenda kokote." Akamgeukia. "Nisamehe. Sikukuuliza. Niliona wewe ni wangu, nikakusemea. Nilikosa, na hata usiponisamehe nitajua nilikosa."

"Nilikasirika, mwenzio."

"Najua."

"Nilikasirika nikasema sitapiga simu tena. Nikanunua pamba nikaziba masikio. Nikamwomba dada yangu anisomee kipeperushi chako." Akatikisa kichwa. "Alisoma kama anatangaza msiba."

Msaidizi akacheka huku analia, mambo mawili kwa uso mmoja. Wakatazama mafundi wakibandua DUNIA. Magari yakapita, hakuna aliyesimama kupiga picha.

"Nataka kusema kitu," Dereva alisema. "Nimechoka kusikia yale matabaka kwenye simu. Ile nyumba yenye veranda, na huyo anayeimba vibaya. Nataka nikitoka zamu niikute kweli, nisikie sauti bila waya. Nataka nikuoe. Nakuuliza, maana mimi nauliza."

Akanyamaza.

Akamkazia macho, hapepesi. Msaidizi akajua mchezo huo, ameufundisha mwenyewe. Akajikaza. Akatazama juu, ambako limebaki neno moja tu, LALA, na fundi anainama kulishika. Akatazama chini. Angeweza kumaliza mchana mzima hivyo kwa mteja mwingine yeyote. Aliyatazama yale macho mekundu, akaona mtu aliyekuja kulala kwake mara ya pili, baada ya kuuzwa mara ya kwanza, na kimya kikamshinda.

"Nachukua," alisema.

"Hujauliza hata udhamini wake ni wa muda gani."

"Nachukua, wewe! Twende ukalale."

Akamshika mkono, wakavuka barabara. Kwenye benchi la kwanza walilolikuta Dereva akaomba wakae kidogo tu, akaegemeza kichwa begani kwake, pumzi ikabadilika, na Msaidizi hakuwa ameanza hata tabaka la chini.